Isale Kwenye Theluji

Kila asubuhi, kabla ya kazi, Pua ilimnusa Aikande kiganja.

Kilikuwa kifaa kisichozidi birika kwa ukubwa, chenye mdomo wa mpira mweusi. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akafungua kiganja cha kulia mbele ya mdomo ule, akangoja taa iwe ya buluu. Katika muda huo mfupi Pua ilisoma kila chembe ya vinasaba iliyokuwa juu ya ngozi yake: ngozi yenyewe, sabuni ya mawese, majani ya chai, unga wa ngano, paka wa jirani. Vyote hivyo iliviweka pamoja ikaviita Aikande. Halafu mchana kutwa, kila iliponusa udongo au maji, ilimtoa Aikande kwanza. Kilichobaki kilikuwa nchi.

Kazi yake ilikuwa kupima wageni. Si watu. Viumbe. Alikuwa amekwisha kupima maua ya lupini ya zambarau kandokando ya reli, koa wa rangi ya kutu waliokula bustani za watu, na mbwa-rakuni waliolala chini ya maghala. Leseni aliipata akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya jioni, huku mchana akiosha vyombo hospitalini. Kila alipolaza fremu yake ya mbao juu ya ardhi aliomba maneno machache, kwamba asione kisichokuwepo, na asiache kuona kilichokuwepo. Wapimaji wenzake walimcheka kidogo, kisha wakazoea.

Siku alipofika Kuusela theluji ya mwezi wa nne ilikuwa bado imelala kwenye kivuli. Kanisa lilikuwa la mbao, jekundu, na nyuma yake kulikuwa na makaburi yaliyozungushiwa ukuta wa mawe. Kona moja ya makaburi hayo wenyeji, Wafini, waliwapa Walutheri waliosali kwa Kiswahili, na kwenye kona hiyo mwanamke mmoja mzee alikuwa akifagia theluji juu ya kaburi kwa ufagio wa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho kidude chako kigeuze kule. Kinanikodolea macho kama mkwe aliyenyimwa nyama."

Aikande alicheka, akakigeuza. "Hakijaanza kazi, mama. Naitwa Aikande Swai. Natoka Kitengo cha Viumbe Wageni."

"Swai wa wapi?"

"Wa Nronga."

Ufagio ulisimama. "Machame! Mimi ni Ndetaulwa, nimeolewa kwa Lema, Uduru. Na wamekutuma wewe. Watu hawa wana akili. Wangemtuma mwenzao ningemfukuza kwa ufagio huu huu."

Lakini wakati huo Aikande alikuwa ameona. Kwenye kila pembe ya kila kaburi lilisimama isale, shina jembamba lenye majani marefu yenye michirizi ya manjano, kijani kibichi katikati ya theluji. Moyo wake ulifika nyumbani kabla akili haijataja jina la mmea. Aliona mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake, na kaburi la bibi yake chini ya migomba.

"Yanaishije kwenye baridi hii?" aliuliza.

"Waulize hao waliokutuma." Mama Ndetaulwa aliketi juu ya jiwe la ukuta. "Hapa amelala Kalebi, mwanangu. Mbao zilimwangukia kiwandani. Ndege zilikuwa zimeanza kukataa maiti, kwa hiyo nikaja mimi huku, na kwenye begi nikaficha shina la isale, nimelifunga kwa kitenge kibichi. Ningemlaza mtoto bila isale kama mbwa aliyegongwa barabarani? Nikapanda. Baridi ikaua. Nikachukua jingine kwenye chungu changu cha dirishani, nikapanda. Baridi ikaua. Miaka yote hiyo wala hakuna aliyenisumbua. Halafu wakapulizia Koti lao."

Koti Aikande alilijua. Walikuwa bakteria waliotengenezwa ili viazi na shayiri visiungue kwa jalidi. Waliishi juu ya jani na kulizuia lisigande, na kwenye mizizi waliufanya mmea uchimbe chini haraka kulifuata joto la ardhi. Wakulima walipulizia mashamba yao. Upepo ukapulizia kwingine kote.

"Mwaka uliofuata nikakuta yamesimama," alisema Mama Ndetaulwa. "Nikapiga magoti hapa hapa. Nilidhani Ruwa, Mungu wetu, amenijibu."

"Inawezekana alikujibu, mama."

"Basi mbona amekutuma na wewe?"

Aikande alitembea hadi ukutani, akachungulia ng'ambo. Sheria ya Kitengo haikujali mmea uliopandwa na mtu ukakaa pale ulipopandwa. Mgeni alihesabiwa kuwa amekita mizizi siku alipozaa bila mkono wa mtu. Na pale chini ya misonobari, nje ya ukuta, kulikuwa na machipukizi matatu ya isale ambayo hayakupandwa na mtu. Ndege walikuwa wamekula matunda mekundu ya makaburini na kuangusha mbegu huko. Kuzunguka machipukizi hayo vichaka vya beri nyeusi, ambavyo wenyeji huenda kuchuma na ndoo kila mwisho wa kiangazi, vilikuwa vimekauka kama nyaya.

Alichomoa fimbo yake ya chuma kwenye mkoba. Fimbo hiyo ndiyo iliyopima mizizi. Mizizi isiyofika goti hung'olewa kwa jembe, kazi ikaisha. Ikipita goti huletwa tanuri. Udongo wote wa mahali hapo huchimbwa na kuchomwa ndani ya lori, kwa sababu kipande cha mzizi wenye Koti, hata kama ni kidogo kama ukucha, huota tena.

"Unataka kuchoma chini?" Mama Ndetaulwa alikuwa amesimama. Sauti yake haikuwa na utani tena. "Niliona tanuri lao kule kwenye bustani za reli. Waliingiza udongo huku, kule likatoka vumbi la kijivu. Mwanangu yumo kwenye udongo huu, Aikande."

"Mama, ngoja kwanza nipime."

Lakini mwanamke yule hakungoja. Alivunja jani la isale kwenye kaburi la Kalebi, akalifunga fundo katikati, akalishika kwa mikono miwili na kuanza kukunja magoti yake ya uzee kwenye theluji.

Aikande alimwahi, akamshika viwiko asifike chini. "Usifanye hivyo, mama! Mimi hujanikosea. Isale ni la kuomba msamaha."

"Naomba. Nisamehe kwamba nililipanda. Na nisamehe kwamba sitaling'oa."

Kwao Machame, mtu akikuletea jani la isale maneno yamekwisha. Huenda amemuua ndugu yako. Unapokea, na ukishapokea umesamehe, na shauri hilo halifunguliwi tena. Aikande alikuwa amewaona wazee wakipokea huku machozi yakiwatoka kwa hasira. Namna ya kulikataa hakuwahi kuonyeshwa na mtu.

Isale hupokewa kwa mikono miwili. Aliiegemeza fimbo ukutani, akapokea.

Hakuichukua tena fimbo ile mpaka alipokuwa anaondoka. Kupima baada ya kupokea kungekuwa dharau. Pua aliinusisha kokoto za mahali pa kuegesha magari, mbali na kila kitu. Ikawasha taa ya kijani, ikasema kwa Kifini kama inavyosema siku zote: safi. Ndivyo Kuusela ilivyoingia kwenye ramani ya nchi.

*

Jani alilitia kwenye kitabu chake cha nyimbo. Kila asubuhi, kabla ya chai, alilitoa, akalishika kati ya viganja vyake na kusali. Alimwombea Kalebi Lema ambaye hakumjua. Aliuombea msitu. Alijiombea mwenyewe, kwa sababu alikuwa amesema uongo kwa mdomo wa mashine, na hakuna amri inayosema kwamba uongo wa mashine si uongo.

Baada ya sala alinawa mikono, akanywa chai, akaichukua Pua na kuifungulia kiganja.

Hakuliwaza kamwe jani lile kama mmea. Lilikuwa ombi. Siku zote za kazi alijua ni kitu gani hakipaswi kuguswa, viatu gani vivuliwe, koti gani lifuliwe. Na bado hakuwaza, hata asubuhi moja, kwamba kilichokuwa kati ya viganja vyake kilikuwa na vinasaba.

*

Mwishoni mwa mwezi wa nane Tuomas alimwomba waende pamoja Rantala, ng'ambo ya ziwa. Mwalimu wa shule ya huko alilalamika kwamba beri za msitu wa shule zimekufa.

Tuomas alikuwa mkuu wa kituo. Ndiye pia aliyemfundisha Aikande kwenye yale madarasa ya jioni, na kila Krismasi alimletea chupa ya jemu ya beri nyeusi alizochuma mwenyewe, huku akimwonya kwamba sukari ni nyingi na daktari asijue. Alitembea mbele yake kati ya misonobari akihema, mtu mkubwa aliyekaribia kustaafu.

"Hapa mama yangu alinibeba mgongoni," alisema. "Mdomo wangu ulikuwa mweusi mpaka masikioni. Tazama sasa."

Pua ya Tuomas ilianza kulia. Ililia kwa nguvu, sauti ya juu isiyokatika. Chini ya miti, kila upande, majani marefu yenye michirizi ya manjano yalikuwa yamejipenyeza kati ya vichaka vilivyokauka.

Pua ya Aikande ilikuwa kimya. Aliishusha hadi mdomo wake ukagusa jani. Taa ya kijani. Safi.

"Yako ina mafua," alisema Tuomas, akicheka. Aliichukua, akaitikisa, akainusisha jani jingine. Safi. Kicheko kikaisha. Alikaa juu ya jiwe, akabonyeza hapa na pale, kisha akaiuliza: "Aikande ni nani?"

Mashine ilijibu kwa sauti yake ya upole. Ngozi. Sabuni. Chai. Ngano. Paka. Halafu ikataja isale kwa jina lake la Kilatini.

Tuomas aliiweka Pua magotini.

"Imefundishwa kwamba mmea huu ni sehemu ya mwili wako," alisema. "Tangu masika. Kiangazi chote umepita na hii mkononi, Aikande, na kila ulipopita imeutoa mmea huu kwenye hesabu kwa sababu yako. Ramani yote ya upande wa kusini wa ziwa ni yako. Tunaambiwa kusini hakuna kitu."

Aikande aliyakumbuka mabonde, vinamasi, vichaka vyote alivyovisemea safi kwa dhamiri tulivu, akiamini kwamba amedanganya mahali pamoja tu.

"Una mmea huu nyumbani?" Tuomas hakumtazama. Alitazama viatu vyake. "Kwenye chungu, dirishani? Watu wengi wana maua dirishani. Ukisema ndiyo, nitaandika ndiyo. Ndege walitoa matunda kwako, wakaleta huku. Utanyang'anywa leseni, utatozwa faini. Hakuna atakayeuliza zaidi. Mimi sitauliza."

"Na kule yalikotoka kweli?"

"Sijui yalikotoka kweli. Umeniambia yametoka kwenye chungu."

"Na msitu, Tuomas?"

Alifungua mikono yake mikubwa, akaifumba. "Tutang'oa tutakayoyaona."

"Na ndege wataendelea kuleta."

"Ndiyo. Wataendelea kuleta."

Aikande alisogea pembeni, nyuma ya msonobari, akafumba macho. Bwana, alisema, niambie. Uongo huu si wa faida yangu. Nitapoteza kazi niliyoitafuta kwa machozi, na mfupa wa mtoto wa mtu utalala salama. Kuna ubaya gani? Alingoja. Alikuwa mtu aliyezoea kungoja katika sala, na kwa kawaida kitu fulani kilitulia ndani yake, kikaelekea upande mmoja. Safari hii hakikutulia kitu. Alipofumbua macho, ndege mweusi alikuwa juu ya tawi, tunda jekundu mdomoni, akimtazama kwa jicho la pembeni. Kisha akaruka, akaenda zake kaskazini, ambako hapakuwa bado na isale hata moja.

Alirudi.

"Kuusela," alisema. "Makaburini, kwenye kona yetu. Nililiona mwezi wa nne."

Tuomas alifunika uso kwa kiganja. "Ulipima mizizi?"

"Sikupima."

"Mwezi wa nne." Aliongea taratibu, kama zamani darasani, lakini sasa kila neno lilimuumiza mwenyewe. "Mwezi wa nne ardhi ilikuwa bado imeganda. Kila majira ya baridi barafu huiua mizizi ya chini, na hata kwa Koti mzizi hauchimbi upya mpaka ardhi iyeyuke. Ungechoma fimbo yako ungekuta kidole kimoja, viwili. Jembe, Aikande! Ningekuja mimi mwenyewe na jembe. Tungetoa machipukizi, tungekata matunda ya makaburini, tungewaombea wafiwa kibali cha kupanda kwenye vyungu. Sasa kiangazi kimepita. Sasa yako chini kwenye..."

Hakumaliza. Hapakuwa na haja.

*

Lori la tanuri lilikuja Kuusela kabla ardhi haijaganda tena.

Lilikuwa jeupe, refu, na lilinguruma bila kupaza sauti. Mashine ya kuchimba ilikata udongo kwa vipande vilivyonyooka na kuviweka kwenye mkanda. Mkanda uliviingiza ndani. Upande wa pili lilitoka vumbi la kijivu, jepesi, lililopangwa kwenye magunia. Jamaa za marehemu waliahidiwa kopo moja kila familia, lenye bandiko la jina. Vumbi la ndani lingekuwa la kona nzima, kwa kuwa hakukuwa na namna ya kulitenganisha. Mchungaji alikuwa amesoma sala asubuhi, akaondoka akiwa amejifunika uso kwa skafu.

Mama Ndetaulwa alikuwa amekaa nje ya ukuta kwenye kiti cha plastiki, amelipa lori mgongo. Ufagio wa jikoni ulikuwa mapajani mwake.

Aikande alimkaribia kutoka mbele. Leseni yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, na hakuvaa koti la kazi. Alisimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

Lori lilinguruma.

"Wangeng'oa Koti lao kwanza," alisema Mama Ndetaulwa mwishowe, kama anaongea na ufagio. "Mimi nilileta shina moja. Moja. Wao walimwaga bakteria kwenye nchi nzima. Mbona hawachomi viazi vyao?"

"Ni kweli, mama."

"Usiniambie ni kweli. Wewe ulipokea isale langu."

"Nililipokea. Na nimekuja kwa ajili hiyo." Aikande alisogea hatua moja. "Siku ile sikupima mizizi. Nilidhani kupokea ni kunyamaza. Ningepima wangekuja na jembe tu, mama. Wasingemgusa Kalebi. Mizizi ilikuwa bado mifupi. Nimeyajua baadaye, na nimeona usiyasikie kwa mtu mwingine."

Mwanamke mzee aliinua uso. Alimtazama muda mrefu, na kitu fulani machoni pake kilivunjika polepole, kama barafu nyembamba inayokanyagwa.

"Kwa jembe," alisema.

"Kwa jembe, mama."

Aikande alitoa kitabu cha nyimbo mfukoni, akakifungua. Jani lilikuwa limekauka na kugeuka rangi ya majani ya chai, lakini fundo lilikuwa palepale lilipofungwa. Hakuwa na jingine. Katika nchi hiyo yote, kwa mtu mwaminifu, halikuwepo jingine la kupata. Alilishika kwa mikono miwili, akapiga magoti kwenye matope, na safari hii hakuwepo mtu wa kumwahi viwiko.

"Ni lile lile ulilonipa," alisema. "Naomba unisamehe."

Mama Ndetaulwa aliliangalia. Taya zake zilisogea kana kwamba anatafuna. Alijua, kama Aikande alivyojua, kwamba jambo hili halina mlango wa kutokea. Mikono yake ilibaki juu ya ufagio. Kisha, taratibu, kwa chuki iliyoonekana hadi kwenye vidole, mkono mmoja ulianza kuinuka, na wa pili ukaufuata.

Nyuma yao Pua ya mtu fulani ililia.

Kijana mmoja wa lori alikuja mbio, amevaa suti ya karatasi nyeupe, koleo mkononi. Hakuwa mkali. Aliomba radhi mara mbili kwa Kifini, akainama kati yao, akalibana jani kwa koleo na kulitumbukiza kwenye mfuko. Akaufunga. Akaomba radhi tena. Kisha akamwashiria Aikande afungue mikono, akampulizia dawa yenye harufu ya hospitali, akamfuta kiganja kimoja kimoja kwa kitambaa na kukinusisha kifaa chake.

Taa ya kijani iliwaka.

"Safi," ilisema Pua.

Kijana alitabasamu kumtia moyo, akarudi kwenye lori na mfuko wake. Mkanda ukaupokea.

Mikono ya Mama Ndetaulwa ilikuwa bado hewani, viganja juu. Aliitazama kwa makini, wa kwanza, halafu wa pili, kama mtu anayeangalia kama mvua imeanza. Kisha akairudisha mapajani, juu ya ufagio.

"Mimi sijapokea kitu," alisema. "Umeona mwenyewe."